Karatasi Nilizofua

Kahawa ya kwanza niliyopika ofisini niliimwaga yote kwenye sinki kabla mtu hajaionja. Nilikuwa nimetia unga wa kahawa mle mnamotakiwa kutiwa maji, na mashine ikakohoa mara mbili, ikatoa mvuke mchafu, ikanyamaza. Kwetu, upande wa Chemba, tulilima uwele na ufuta, na asubuhi tulikunywa uji. Kahawa niliiona Kondoa mjini tu, kwa wazee waliokaa nje ya maduka baada ya sala, nikiwa msichana niliyetumwa kuuza kuku. Sikuwahi kuwaza kwamba ingekuja kuwa kazi yangu.

Ofisi yetu ilihamia Dodoma pamoja na nyingine nyingi, na mkurugenzi alihama na mashine yake. Alikuwa mtu mpole, anayekaribia kustaafu, asiyeweza kusoma barua hata moja kabla ya kikombe cha kwanza. Mimi nilikuwa mhudumu wa ghorofa ya tatu: nilisafisha, nilipeleka mafaili, nilipokea wageni, nilichemsha chai. Kahawa alinifundisha yeye mwenyewe siku iliyofuata, amekunja mikono ya shati.

"Mama, karatasi kwanza," aliniambia. "Karatasi ndiyo inayozuia taka. Ukisahau karatasi, unaninywesha tope."

Zilikuwa karatasi nyeupe, nyepesi, zenye umbo la pia, pana juu na nyembamba chini. Kila ukipika unaweka moja, na ukimaliza unaitupa pamoja na machicha yake. Nilijifunza kukunja ule ukingo wake uliobanwa ili isipasuke, na kuilowesha kwanza kwa maji ya moto ili kahawa isinuke karatasi. Baada ya miezi michache wageni kutoka ofisi nyingine walikuwa wakiuliza kahawa ile inapikwa na nani, na mkurugenzi alikuwa akinyoosha kidole kuelekea jikoni. Niseme ukweli, nilijivuna. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka arobaini na kitu, na hapakuwa na kitu kingine chochote katika jengo lile ambacho watu walikuwa wakiuliza kimefanywa na nani.

Mwaka huohuo alikuja yeye, mwanamke wa habari hii. Alikuwa afisa ugavi, maana yake karatasi, wino, sabuni, viti, kila kilichonunuliwa kwa ajili ya ghorofa yetu kilipitia mezani kwake. Alitoka Dar es Salaam na hakuipenda Dodoma hata kidogo. Upepo ulimkausha midomo, vumbi likamziba pua, na nyumba aliyopanga Miyuji ilikuwa ikipata maji siku mbili kwa juma. Nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilimkuta jioni moja amesimama getini na ndoo tupu, amevaa bado viatu vyake vya ofisini, analia kwa hasira. Nikamwambia, "Njoo uchote kwangu, mimi nina pipa."

Urafiki wetu ulianzia hapo. Alinizidi elimu kwa mbali, nami nilimzidi miaka kumi na miwili. Aliniita dada, nikamwita mdogo wangu. Mwezi wa kwanza aliniamkia shikamoo kila tulipokutana. Baadaye tukazoeana hadi akaacha, akawa anaingia tu nyumbani kwangu na kufunua sufuria. Nilimfundisha mlenda. Nilimfundisha kutunza maji. Mtoto wake wa kike, aliyekuwa chekechea, alilala kwangu kila mama yake aliposafiri kikazi, na nguo zake chache zilikaa kwenye kabati langu.

Watu ofisini walipogundua kwamba natoka kwa wale wanaozungumza kwa vidoko, zile sauti za kugonga ulimi kinywani, waliniomba niongee kidogo wasikie. Niliongea, wakacheka, nikacheka nao, kwa sababu ukikataa unaonekana una roho mbaya. Yeye hakuniomba hivyo. Aliniuliza, "Dada, mama yako alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo?" Nikamwambia. Alijaribu kulitamka, akashindwa, akajaribu tena. Hakukuwa na mtu mwingine mjini aliyelijua jina lile. Yeye naye aliniambia mambo yake, mazito kuliko langu. Sitayaandika hapa wala popote.

Sasa nieleze kuhusu karatasi.

Zilikuwa zikiletwa kutoka Dar es Salaam, kwa sababu Dodoma hazikupatikana kirahisi. Nilijaza fomu ya kuomba, nikaipeleka kwake mapema kama kawaida, nikasubiri. Siku moja akaja jikoni, akafunga mlango, akauegemea.

"Dada, nimefanya kosa. Fomu yako niliiweka kwenye droo, nikaisahau kabisa. Nimeiona leo."

"Basi ipeleke leo."

"Nimeshaipeleka, lakini itachukua wiki tatu, labda nne. Na mkuu wangu alishanionya kwa kuchelewesha vifaa. Mkurugenzi akiuliza kwa nini hakuna kahawa, nimekwisha." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Zimebaki ngapi?"

"Nane."

Siku nane. Nilimtazama, nikamwona yule mwanamke wa getini mwenye ndoo tupu. Nikamwambia aende akafanye kazi yake, hayo mengine nitajua mimi.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua karatasi iliyotumika, nikamwaga machicha, nikaigeuza ndani nje, nikaisuuza chini ya maji yanayotoka taratibu, jinsi unavyomwosha mtoto mchanga uso. Kisha nikaimwagia maji yanayochemka kutoka kwenye birika, mara mbili, nikaianika kwenye kamba nyuma ya mlango wa jiko kwa vibanio vya nguo. Ilikauka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilivumilia kupika mara tatu, nyingine mara nne, kisha ikachanika. Nilikuwa makini sana. Kahawa haikubadilika ladha, na hakuna aliyeumwa tumbo. Hata hivyo nilijua kwamba si jambo la kuonwa na mtu, ndiyo maana kamba niliifunga nyuma ya mlango.

Yeye aliingia siku ya sita, akaona karatasi tano zinaning'inia.

"Dada! Unafua karatasi?"

"Nafua kosa lako," nikamwambia.

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Mimi pia nilicheka. Alipoweza kupumua alisimama, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Hii haitoki nje ya mlango huu. Wallahi, dada." Siku zilizofuata alikuwa akipita asubuhi kunisaidia kuzitoa kwenye vibanio. Zilikuwa wiki nne kasoro siku mbili. Karatasi mpya zilipofika nilizitupa zile za zamani kwenye jalala la nje kabisa, chini ya taka nyingine, na nikajiambia sitarudia tena.

Ndipo nikaanza kutafuta njia isiyotegemea Dar es Salaam. Jumamosi moja niliingia kwenye duka la vyombo mjini, la familia moja ya Kihindi ambayo imekaa Dodoma tangu enzi za mababu zao. Mama mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya meza yake. Nikamwuliza kama ana karatasi za kuchujia kahawa. Akanitazama juu ya miwani.

"Karatasi ya nini, mama? Unakunywa kahawa au unakunywa daftari?" Akapanda kiti, akateremsha boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na chujio la chuma kisichoshika kutu, la umbo lilelile la pia, lenye matundu madogo hata huyaoni mpaka uliinue kwenye mwanga. "Sisi nyumbani tunatumia hii tangu nimeolewa. Unaosha, unaweka. Unaosha, unaweka."

Nililinunua langu mwenyewe, nikalipeleka Miyuji, na kikombe cha kwanza kilikuwa tope kama alivyoonya mkurugenzi. Unga wa pakiti ni laini mno, unapita kwenye matundu. Sikukata tamaa. Nilitafuta kahawa iliyokaangwa ambayo haijasagwa, nikaitwanga kwenye kinu changu cha karanga, nikaipitisha kwenye chekecheke. Kile kinachopita nilikiweka pembeni, kile kinachobaki, chenye chembe kama za chumvi ya mawe, ndicho nilichopika. Tope likaisha. Nikajifunza pia kwamba chuma hakitaki kusubiri: ukikiacha na machicha hadi jioni, mafuta ya kahawa yanaziba matundu. Inabidi kukisuuza papo hapo, na mara moja kwa juma kukiloweka kwenye maji ya moto yenye magadi kidogo na kukisugua kwa mswaki wa zamani. Kahawa yake ni tofauti. Ya karatasi ni nyepesi, imenyooka. Ya chuma ina mafuta yanayong'aa juu, ni nzito, inabaki mdomoni. Wengine hawaipendi. Mimi nilichukua wiki mbili kuizoea, kisha ile ya karatasi nikaanza kuiona kama maji.

Jumapili moja baada ya ibada nilimpikia mdogo wangu. Alikunywa vikombe viwili.

"Dada, hii ni hoja," alisema. Alinieleza kwamba mkutano wa wafanyakazi wote unakuja, na kila idara imetakiwa kuleta wazo moja la kupunguza taka na matumizi ya hovyo. "Fikiria ghorofa zote tano zikiacha karatasi. Tutasimama pamoja. Mimi nitaeleza, wewe utaonyesha inavyopikwa."

"Mimi? Mbele ya watu wote wale?"

"Wewe. Nani mwingine anajua?"

Nilimwandikia kurasa mbili za daftari: ukubwa wa chembe, namna ya kuosha, magadi, mswaki. Alipiga picha chujio likiwa kwenye sinki langu, na picha nyingine likiwa na kahawa ndani. Juma lote lile nilifanya mazoezi ya kusema sentensi tatu mbele ya kioo.

Siku ya mkutano nilivua koti la kazi. Nilivaa gauni langu la kitenge cha kijani, nikachukua chujio langu nikalifunga kwenye kitambaa safi, nikakaa viti vya nyuma karibu na chupa za kahawa nilizopika mapema kwa ajili ya mapumziko. Kila idara ilisimama. Ilipofika zamu yetu alipanda jukwaani peke yake, na nikajiweka sawa nikisubiri anipungie mkono.

Picha ya sinki langu ilitokea ukutani, kubwa kama mlango. Nililitambua lile bomba langu lenye utepe mweusi.

"Nilipokuwa nyumbani kwangu," alisema, "nilianza kujaribu njia mbadala."

Nilidhani amekosea kwa woga. Nikasubiri arekebishe. Akaendelea: nilitafuta, nilinunua, niligundua. Alikuwa akisoma maneno yangu ya daftari, mengine hakuyabadilisha hata kidogo. Lakini watu walikuwa wamechoka. Ilikuwa idara ya saba, wengine walikuwa wanatazama simu. Nilimwona akiona hivyo. Nilimfahamu, nilijua anavyogusa sikio akikosa la kusema. Akagusa sikio. Kisha akatabasamu.

"Ndugu zangu, hali ilikuwa mbaya. Mnajua tulifika wapi? Ghorofa ya tatu tulifika mahali mhudumu anafua karatasi! Anaanika kwa vibanio, kama nepi!"

Ukumbi ulilipuka. Simu zikashushwa. Mtu mmoja mbele yangu alisema kwa sauti, "Kumbe tumekunywa maji ya kufulia!" na wakacheka upya. Wachache waligeuka kunitafuta kwa macho. Yeye pale mbele alikuwa akicheka pamoja nao, amefurahi, kwa sababu sasa walikuwa wanamsikiliza. Hakutazama nyuma nilikokaa. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa na kikombe mkononi, kahawa yangu ya asubuhi ile, na nilimwona akikishusha polepole, akakisukuma mbali naye mezani.

Mdogo wangu hakunipungia mkono. Alipigiwa makofi, akashuka.

Mapumziko yalipofika nilivaa koti la kazi juu ya gauni, nikasimama nyuma ya meza kama ilivyokuwa wajibu wangu. Watu walikuja, wakachukua chai, wakachukua maandazi. Kahawa hakuna aliyeigusa. Mwanamke mmoja wa masjala alinyoosha mkono kwenye chupa, akakumbuka, akaurudisha. Nilirudisha chupa zote tatu ghorofani zikiwa zimejaa, nikazimwaga, nikaziosha, na ni wakati ule tu, maji yakiwa yanatoka, nilipolia.

Mchana akanitumia ujumbe: "Dada usichukulie vibaya, ulikuwa utani wa kuwachangamsha watu." Sikujibu. Kabla wiki haijaisha nikapokea barua. Nilitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuwahudumia viongozi na wageni kinywaji kilichoandaliwa kwa njia isiyo safi.

Jumamosi asubuhi alikuja Miyuji. Alileta mkate. Hakufunua sufuria.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ilikuwa mara ya kwanza kuniamkia hivyo baada ya miaka, na nikajua tumeshakuwa mbali.

Nilimwekea chai. Alizungusha kijiko kwa muda mrefu.

"Umeshaandika majibu?"

"Bado."

"Kuhusu ile fomu," alisema. "Ile niliyoisahau. Utaiandika?"

Nikamtazama. "Nilidhani umekuja kuomba radhi."

"Nimekuja kwa hilo pia."

"Pia."

"Dada, nisikilize. Wameanza kunifikiria kwa cheo. Ikionekana kwamba chanzo ni mimi..."

"Kwa nini uliwaambia?"

"Nilikuwa naogopa. Wakubwa wote wale, na hawasikilizi. Nikatafuta kitu cha kuwachekesha, kikanijia hicho."

"Nikakujia mimi."

"Sikutaja jina lako."

"Ghorofa ya tatu ina wahudumu wangapi?"

Alishika tena kijiko.

"Na wazo?" nikauliza. "Sinki langu pale ukutani. Daftari langu."

"Ungeweza kusimama pale, dada? Sema kweli. Wangekusikiliza wewe?" Aliuliza kwa upole kabisa, na nadhani aliamini kwamba alikuwa amenitendea wema. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kicheko. Kumbe miaka yote ile, akila mlenda wangu, akimwacha mtoto wake kwangu, alikuwa ameshapima na kuona kwamba mimi ni mtu wa kuongelewa, si wa kuongea mwenyewe.

"Hatutajua sasa," nikamwambia. "Maliza chai yako, mdogo wangu, uende."

Alilia. Zamani machozi yake yalikuwa yakininyanyua kitini. Siku ile nilikaa. Alipoondoka nilikusanya nguo za mtoto wake kwenye kabati, nikazikunja, nikampa jirani azipeleke.

Majibu ya barua niliyaandika mara tatu. Barua ya kwanza ilikuwa na kila kitu: fomu, droo, kiapo, picha. Ilikuwa ya kweli na nilipoisoma niliona raha. Niliichana. Ya pili niliipunguza, nikaichana pia. Ya tatu ilikuwa na mistari michache. Nilisema karatasi ziliisha, nikazisafisha kwa maji yaliyochemka na kuzitumia tena, sikumwarifu mtu, na kosa hilo ni langu. Yeye sikumtaja. Watu walioijua habari hii baadaye waliniambia nina moyo mkubwa. Hapana. Sikutaka tu jina lake likae tena kwenye ukurasa mmoja na langu.

Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia karatasi zimeisha?"

"Niliogopa utakosa kahawa, mheshimiwa."

Alivua miwani. "Ningekunywa chai," alisema.

Hakusema kwa ukali. Nilikuwa nimeficha kwa ajili ya mtu mmoja, na nikamdanganya mwingine aliyeniamini kila asubuhi kwa kikombe. Nilipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa masjala, ghorofa ya chini, kupanga mafaili. Yeye alipewa cheti cha ubunifu, na picha yake akiwa ameshika chujio ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ngazi, mahali ambapo nililazimika kupita nikienda kunawa.

Machujio ya chuma yakaletwa kwa ghorofa zote. Lakini kwenye kuandika mahitaji alikuwa ameruka ule ukurasa wa daftari unaosema habari za chembe, au hakuwahi kuusoma. Wakanunua unga uleule laini wa pakiti. Haikuchukua siku nyingi nikasikia watu ngazini wakilalamika kwamba kahawa imekuwa na mashapo, kwamba wanatafuna. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa baba mmoja wa umri wangu, aliyekuwa mtunza bustani wa jengo. Akaja masjala.

"Dada, wanasema wewe ndiye unayeijua hii kitu."

"Siijui," nikamjibu.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, akitumia maneno yaleyale ya adabu, na kila mara nilimwambia siijui. Nataka niliandike hilo kama lilivyokuwa. Nilikuwa nafurahia. Kila malalamiko niliyoyasikia ngazini nilikuwa nikiyabeba hadi mezani kwangu kama zawadi.

Siku ya nne nilipanda ghorofa ya tatu kupeleka faili. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona amesimama kwenye sinki, amejigeuza ili asionwe, anapitisha kahawa kwenye leso yake ya mfukoni kuondoa mashapo, anaikamua kwa vidole vilivyoungua. Leso ilikuwa safi, imepigwa pasi. Nikaingia, nikafunga mlango.

"Umeanza lini kufanya hivi?"

"Wiki ya pili sasa. Nakuomba, dada, usimwambie mtu."

"Mwambie mkurugenzi wewe mwenyewe, leo hii," nikamwambia. "Mwambie unga ni laini mno na huwezi. Halafu njoo nikuonyeshe."

Alikwenda. Hakuna lililompata. Wiki iliyofuata ilinunuliwa kahawa ya kusagwa kwa chembe kubwa, nikamfundisha kuosha na kuloweka, na mashapo yakaisha. Nasikia sasa anaipika vizuri kuliko nilivyopika mimi. Sijaionja.

Mdogo wangu alipandishwa cheo, akahamia ofisi nyingine upande wa pili wa mji, na akahama Miyuji pia. Mwaka jana nilikwenda hospitali kupima presha, kama ninavyofanya kila mwezi. Nilikuta benchi limejaa isipokuwa nafasi moja, na aliyekaa pembeni ya nafasi hiyo alikuwa yeye. Amekonda. Aliniona kabla sijageuka.

"Dada."

"Mdogo wangu. Unaumwa?"

"Mama amelazwa. Siku ya sita leo. Nimetoka wodini, nasubiri majibu ya vipimo vyake."

Nikampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Nilimfahamu mama yake. Aliwahi kunitumia vitenge. Nikamwuliza anaendeleaje, akanieleza kwa kirefu, ugonjwa ulivyoanza, walivyozungushwa. Nikamwuliza habari za mtoto, akasema yuko darasa la sita, anapenda hesabu. Kisha akasema, "Dada, ile siku..." na nikamwambia, "Mwuguze mama yako kwanza." Baada ya muda kichwa chake kikaanza kudondoka, kikainuka, kikadondoka tena, hadi kikatua begani kwangu. Alikuwa amelala. Alikuwa hajalala kitandani kwa siku sita.

Sikumwondoa. Nilikaa bila kutikisika, bega likafa ganzi, na nilitafuta ndani yangu ile hasira niliyokuwa nayo ngazini, nikaiona bado ipo, imekaa kimya. Nikatafuta pia ule upendo wa getini, wa ndoo tupu. Huo sikuuona.

Namba yangu ilipoitwa nilimshika mkono, nikamwamsha taratibu. "Naingia," nikamwambia. Akaniuliza kama nitapita hapo nikitoka. Nikasema, "Mungu akijalia."

Daktari alinipima, akaniandikia dawa zilezile. Chumba kile kina milango miwili: mmoja wa kurudi kwenye mabenchi, mwingine unaotokea moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Nilitokea huo wa pili, nikapokea dawa zangu, nikaenda nyumbani.